Muulize Bibi Mifugo: Kuku aliyeletwa kuwa supu

*Shikamoo Bibi Mifugo. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nina kuku wangu anaitwa Mkufu, kwa ajili ya manyoya ya shingoni yanayong'aa kama dhahabu. Binti yangu alipojifungua mtoto wa kwanza, wifi yake alituletea kuku huyu kutoka Pangani, ndani ya tenga, apikiwe mzazi supu. Usiku ule ule akataga yai mle mle tengani. Mzazi akasema huyu hachinjwi, tukaenda kununua mwingine sokoni. Mtoto yule, Zuhura, sasa yuko darasa la tatu.*

*Mkufu ameangua mara nyingi hata hesabu imenipotea. Tangu mwaka juzi hatagi tena. Sasa yapata mwezi hapandi kulala juu na wenzake, analala chini, pembeni ya mlango. Tumbo limeshuka, anatembea kama bata. Miguu imeota magamba kama gome la mwembe mkuukuu. Nyuma anachafuka kila siku. Anakula, ila kwa kuchaguachagua, na mchana husimama kivulini kafumba macho. Wenzake sita ni wazima.*

*Kilichonitisha zaidi ni hiki: wiki tatu zilizopita, alfajiri, aliwika. Si kutetea, aliwika kama jogoo, kwa sauti ya kukwamakwama. Jirani akaniambia kuku jike akiwika lazima achinjwe siku hiyo hiyo, la sivyo mwenye nyumba anaondoka. Mume wangu ana presha, kwa hiyo maneno yale yameniingia. Jirani wa pili akanipa kapsuli ya rangi mbili, ile ya watu, nikaufungua unga wake nusu nikatia kwenye maji, siku mbili. Dukani nikauziwa dawa tatu bila kuulizwa hata kuku ana nini. Sijazifungua, nakusubiri wewe. Nimpe ipi? Au nimchinje? Zuhura hataki hata kulisikia neno hilo.*

*Bibi yake Zuhura, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka kwa lile yai la tengani. Kuku anayejua kujitetea kwa wakati wake huyo!

Kwanza tujue umri. Mtoto wa darasa la tatu ana miaka minane au tisa, na Mkufu alifika kwako akiwa tayari anataga. Kuku wetu wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita, saba hivi. Kwa hiyo mnyama wako anakaribia miaka kumi, kama hajaifikisha. Wengi wa aina yake hawaoni hata mwaka wa tatu, na si kwa sababu ya uzee. Huondoka na mdondo, na mwewe, na kicheche, na sufuria. Aliyevuka hayo yote sasa anaumwa maradhi ambayo wafugaji wengi hawajawahi kuyaona kwa macho, kwa sababu kuku wao hawakupata nafasi ya kuzeeka. Ndiyo maana muuza dawa hakujua akuulize nini. Haimpunguzii kosa, lakini ndiyo sababu.

Nianze na kuwika, maana naona ndiko kunakokunyima usingizi. Kuku jike huanza maisha na vifuko viwili vya mayai, cha kushoto na cha kulia, lakini kinachokua na kufanya kazi ni cha kushoto peke yake. Cha kulia hubaki kidogo, kimelala. Sasa cha kushoto kikiharibika, kwa uvimbe, kwa usaha au kwa uzee, cha kulia huweza kuamka, na kinapoamka hakigeuki kuwa kifuko cha mayai. Hugeuka kitu kinachofanana na korodani. Damu ya kuku ikapata homoni za kiume, kilemba kikakua, miguuni ikachomoza ile miiba ya nyuma kama ya jogoo, na alfajiri moja bibi wa watu akajikuta anawika. Nimewaona wanne katika kazi yangu, wote wazee. Katika nyumba zile nne hakuna baba aliyeondoka, isipokuwa mmoja aliyehamia Handeni kwa sababu zake mwenyewe.

Usimcheke jirani yako, wala usigombane naye. Hofu hii ni ya zamani na si ya pwani peke yake. Tulipokuwa chuo cha mifugo Tengeru mwalimu wetu alitusimulia habari ya mji wa Basel, Uswisi, ambako mwaka 1474 jogoo alishtakiwa kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto. Yamkini alikuwa kuku jike mgonjwa kama Mkufu, aliyeota manyoya ya kiume. Mwambie jirani kwamba kuwika kwa kuku jike ni dalili kweli, ila dalili ya ugonjwa wa kuku, na mumeo aendelee na vidonge vyake vya presha kama daktari alivyomwandikia.

Kwa hiyo kuwika kumetusaidia. Kumetuonyesha pa kutazama.

Kabla ya dawa yoyote nataka utumie mikono. Saa mbili usiku, kuku wakiwa wametulia, mchukue Mkufu umweke mapajani juu ya kanga kuukuu, kichwa kikitazama kwapani kwako. Mshike kwa wepesi. Kuku hana ule msuli wa chini ya mapafu tulio nao sisi. Hupumua kwa kidari chake kupanda na kushuka, na ukimbana kifua umemziba pumzi ukidhani umemtuliza.

Gusa kidari. Ule mfupa wa katikati ukiwa mkali kama kisu, na nyama pembeni zimezama, kuku amekonda hata kama tumbo linakudanganya kuwa amenenepa. Kisha peleka kiganja chini ya tumbo, katikati ya mapaja. Hapa ndipo penye jibu. Ukikuta kitu kigumu cha umbo la yai, ni yai limekwama, lakini kwa kuku aliyeacha kutaga tangu mwaka juzi sitarajii hilo. Ukikuta ulaini mzito usiochezacheza, huenda ni mafuta. Na ukikuta kama mfuko wa maji uliofungwa, unaotikisika ukiugonga kidogo kwa kidole, basi ni maji ya tumbo. Kwa jinsi ulivyoeleza, kushuka kwa tumbo, mwendo wa bata, kuacha kutaga, na kuwika, mimi naegemea hapo. Maji hayo mara nyingi hutokana na uvimbe kwenye kifuko cha mayai, au viini vya mayai vilivyopotea njia vikadondokea ndani ya tumbo badala ya kuingia kwenye mrija wake, vikaoza huko. Kuku ni mmoja wa wanyama wachache wanaopata saratani ya kifuko cha mayai wenyewe bila kusababishiwa na mtu maabara, hata wanasayansi wanaochunguza saratani hiyo kwa wanawake huwatumia kuku wazee. Kutaga kila uchao kuna gharama yake.

Alfajiri, kabla hujamwaga chakula, gusa kile kifuko cha chini ya shingo kinachotuna jioni akishiba. Asubuhi kinatakiwa kiwe kimenywea kabisa. Kikiwa bado kimejaa, laini kama puto la maji, na mdomo unanuka uchachu, chakula hakishuki, na hilo ni tatizo jingine ambalo utaniandikia.

Mwisho washa tochi ufunue manyoya ya nyuma. Mayai ya chawa hushikana mashinani mwa manyoya kama punje za chumvi. Viroboto hujipanga kuzunguka macho na kilemba kama mbegu za ufuta. Utitiri huwakuti mwilini mchana, wamejificha kwenye nyufa za banda, wanatoka usiku kunyonya. Kuku kijana humudu kunyonywa. Mzee hupauka kilemba na kusinzia mchana, nasi tukasema ni uzee.

Nikwambie jambo ambalo si la kujisifu. Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu nilikuwa na koo langu mwenyewe, Chausiku, kishingo mweusi, mwenye umri wa miaka saba. Alianza hivi hivi, kusinzia na kuchafuka nyuma. Mimi, Bwana Mifugo wa kata nzima (ndivyo walivyoniita miaka yote 31, Bwana, na gauni langu), nikampa dawa ya kuhara. Siku ya tatu nikampa ya minyoo. Siku ya tano ya mafua, kwa sababu alikuwa akihema. Wiki haikuisha, akafa. Nilipompasua nilikuta tumbo limejaa maji ya manjano, na kifuko cha mayai kimevimba vifundovifundo kama kichane cha zabibu. Hakuna hata moja kati ya dawa zangu iliyokuwa na kazi pale. Alikuwa akihema kwa sababu maji yalikuwa yakimsukuma mapafu, na mimi siku zote hizo sikuwa nimemweka mapajani hata mara moja.

Kwa hiyo zile dawa zako tatu ziache zilivyo. Soma majina ukamwonyeshe afisa mifugo wa kata. Akikuta kitu chenye kuhitaji antibiotiki, yeye ndiye atakayesema ipi na siku ngapi. Kapsuli ya watu usirudie. Nusu ya unga kwenye maji ambayo kila kuku anakunywa anavyotaka si dozi ya mtu yeyote, ni kuwafundisha vimelea kuizoea dawa. Na kwa kuwa maji yale wamekunywa wote saba, mayai ya hao sita usile wala usimuuzie mtu kwanza. Uliza siku za kusubiri za dawa ile, ukishindwa kupata jibu basi timiza wiki mbili ndipo uanze kula.

Kuhusu wale wenzake: kukaa wazima mwezi mzima ni habari njema. Mdondo, au kideri kama wengi mnavyouita, haungewangoja. Ungeona shingo kupinda, kinyesi cha kijani, na vifo vya mfululizo ndani ya siku chache. Lakini barua yako haijataja chanjo hata kwa neno moja. Chanjo ya I-2, ile inayostahimili joto kuliko nyingine, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Wachanje hao sita. Mkufu mwache hadi apate nafuu, mgonjwa hachanjwi.

Sasa malezi. Mtengee kona yake ndani ya banda au kibarazani, mahali anapowaona wenzake lakini hawamfikii. Kuku akitengwa asione mtu hunyong'onyea haraka, na akirudishwa baadaye hupigwa kama mgeni. Chini weka maranda au majani makavu, usimwache kwenye saruji tupu, nyayo zake zitachubuka na kutunga usaha. Kijiti cha kulalia kiwe chini kabisa, kimo cha shubiri moja kutoka ardhini, kinene kiasi cha kukanyagika bila kukunja vidole sana. Kwa joto la Tanga usihangaike na kumpasha moto. Shida yako ni kivuli na maji, maana mwenye maji tumboni akipatwa na jua la saa saba hana pumzi ya kuhemea.

Maji yabadilishe asubuhi na jioni. Akiwa dhaifu sana, siku moja tu, koroga kijiko kimoja cha sukari katika lita. Na usimmiminie mdomoni! Tundu la pumzi la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, ukimwaga maji yanaingia mapafuni. Mchovye ncha ya mdomo, mwenyewe atainua kichwa ameze.

Chakula: kuchaguachagua kwake usikuchukulie ni maringo. Mpe kidogo mara nne kwa siku. Yai lililochemshwa na kupondwa, ubwabwa uliopoa, mchicha uliokatwakatwa, dagaa waliolowekwa kwanza kutoa chumvi kisha wakasagwa. Kile chakula cha dukani cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi ambayo yeye haitumii tena, inamchosha figo. Mpe cha kuku wanaokua. Maganda ya parachichi hapana kabisa, ni sumu kwa ndege. Na tafadhali, yale mahindi yaliyopata ukungu ambayo kila nyumba husema "tupia kuku", usimtupie. Sumukuvu haichagui, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, seuze ini la kuku mzee.

Nyuma mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, mkaushe vizuri, kisha punguza manyoya ya pale kwa mkasi. Hili si suala la usafi tu. Nzi hutaga kwenye kinyesi kilichogandamana, na funza wake hula ngozi ya kuku akiwa hai. Nimeliona, na sitalieleza zaidi kwa sababu najua wengine mnasoma mkinywa chai.

Miguu ndiyo sehemu utakayoshinda, na ushindi ni mtamu hata ukiwa mdogo. Yale magamba yameinuliwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaochimba chini yake. Loweka miguu dakika kumi katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, futa, kisha paka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi kwa wingi hadi yaingie katikati ya magamba. Wadudu wanakosa hewa. Rudia kila baada ya siku mbili kwa wiki nne. Usibandue gamba kwa kucha, utatoa damu. Usipake mafuta ya taa wala oili chafu ya gari, hata kama babu zetu walipaka, yanaunguza. Wakague na wale sita, wadudu hao hutembea kupitia fito za kulalia. Kazi ya mswaki mpe Zuhura, mikono yake midogo itafaa, ila anawe kwa sabuni baadaye na asimbusu kuku mdomoni. Najua anambusu. Wote wanawabusu.

Na maji ya tumbo? Hapa sitakuongopea. Daktari wa mifugo anaweza kuyavuta kwa sindano, na kuku akapata nafuu ya kuhema siku ile ile. Yatarudi, wiki mbili, mwezi. Usithubutu kuvuta mwenyewe, utumbo uko karibu mno. Ikiwa daktari yuko jirani na bei unaimudu, mvute mara moja uone. Wengine watakuambia ni wazimu kulipia kuku gharama kubwa kuliko bei yake. Mimi nasema huyo si wa kuuzwa, kwa hiyo hana bei.

Kumchinja: si leo. Kuku anayekula, anayeota jua la asubuhi, anayemtambua mtoto akitoka shule, hajafika huko. Angalia mambo matatu. Akikataa chakula siku mbili mfululizo, akishindwa kuinuka kuyafuata maji, au akihema kwa mdomo wazi hata kivulini, basi kumwacha ni kumtesa. Siku hiyo mwite mtu mwenye kisu kikali na mkono usiotetemeka, mchana Zuhura akiwa shule, lakini akirudi mwambie ukweli, usimwambie amekwenda Pangani. Nyama yake usile, ana dawa na ana ugonjwa. Chimba shimo la kina cha mkono mzima, tia majivu au chokaa, funika na mawe mbwa wasifukue.

Ukimgusa tumbo hiyo kesho, niandikie umekuta nini.

*Bibi, naishi Kigamboni. Mke wangu ana koo wa miaka mitano asiyetaga. Nasikia supu ya kuku mzee ina nguvu kuliko ya kijana. Ni kweli? Na je, ailainishe na nini?*

*Mpenda Supu*

Ndugu yangu, umekosea safu kidogo, lakini karibu. Supu ya kuku mzee ina ladha nzito, hilo kweli, kwa sababu nyama imefanya kazi na mifupa imekomaa. Nguvu ni ya maneno ya wazee wa vijiweni. Akiwa mzima na hajapewa dawa karibuni, mchinje, umpake papai bichi lililokunwa kwa saa moja, kisha moto mdogo saa tatu. Lakini umeniandikia "mke wangu ana koo". Umemuuliza mwenyewe?

*Shikamoo bibi. Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Njombe. Bibi yangu alifariki mwezi wa pili akaniachia kuku wake mmoja mzee, mwekundu. Jicho lake la kushoto lina kitu cheupe, haoni upande huo. Kuku wa baba mdogo wanamdonoa upande ule ule, ana kidonda kichwani. Baridi ya mwezi huu ni kali, usiku namwekea jiko la mkaa jikoni nafunga mlango. Asubuhi namkuta amelegea. Bibi alikuwa akigonga sahani ya bati anakuja mbio, mimi nikimwita haji. Nifanyeje?*

*Mjukuu, Njombe*

Marahaba mjukuu wangu, na pole sana kwa bibi.

Jiko hilo litoe leo usiku, kabla hujamaliza kusoma. Kulegea kwake asubuhi huenda si ugonjwa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyonuka, na mapafu ya ndege huinyonya haraka kuliko yetu. Ingemuua yeye leo, na wewe kesho kama unalala karibu na jikoni hapo. Chukua chupa ya plastiki, itie maji ya moto yasiyochemka, ifunge kwa soksi au kitambaa kinene, umwekee ndani ya boksi lenye majani makavu mengi. Boksi liwe dogo, joto lake mwenyewe limtoshe, lifunike juu kwa gunia ukiacha pembe moja wazi. Usiku wa manane ukiamka kwenda haja, badilisha maji.

Jicho: litazame mchana. Kama ni jeupe katikati tu, kavu, halina uvimbe, huo ni mtoto wa jicho kama wa wazee wetu. Halimuumi, na hakuna tone la kulisafisha, usimtilie maji ya majani ya aina yoyote. Kama linatoa machozi, limevimba, au lina kitu kama jibini chini ya kope, mpeleke kwa afisa mifugo, na mwongezee majani mabichi na karoti iliyokunwa, kwani kukosa vitamini A huleta hali hiyo. Siku ya chanjo ya mdondo, akiwa mzima, waambie tone waliweke kwenye jicho zima, ndilo lenye uhakika.

Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha paka ile dawa ya zambarau, GV. Inakausha, na inaficha wekundu. Kuku wakiona damu hawaachi kudonoa, ni tabia yao, si chuki. Usimrudishe kwa kundi la baba mdogo. Mtafutie mwenzake mmoja mpole, kifaranga mkubwa au mtetea asiye na makuu, wakae wawili.

Kuku asiyeona upande mmoja huishi kwa kukariri. Chakula na maji viwe pale pale kila siku, usihamishe hata hatua mbili. Msogelee kutoka upande wa kulia ukizungumza, usimnyakue kutoka kushoto. Punje zilizotawanywa hazioni vizuri, mpe pumba iliyoloweshwa, rundo moja.

Umesema ukimwita haji. Hajazoea sauti yako. Bibi yako hakuwa akimwita kwa sauti, alikuwa akigonga sahani. Itafute sahani ile ile ya bati, hata kama imeshatupwa nyuma ya choo, ioshe, uigonge mara zile zile bibi alizokuwa akigonga, halafu subiri.